Kiti Kilichoongezwa Mikono

Walijuana chini ya kiti. Ndiyo, chini ya kiti! Ilikuwa siku ya kukagua vitu vya mnada, ukumbi mmoja wa London umefurika watu, Philippa na Lionel wakainama kuchungulia kiti kilekile, vichwa vikagongana.

"Pole, dada. Kichwa hicho au gogo?"

"Bora changu, kaka. Chako kimeliwa na wadudu."

Basi, wakapendana. Lionel alikuwa fundi wa fanicha za kale, koti lake likinuka gundi. Philippa, sketi ya sufu ya kijani na futi ya kupimia shingoni, ndiye aliyeandika orodha ya mnada.

Miezi minane baadaye Philippa akaletewa kiti cha miaka ya 1770: mgongo wa duara, miguu yenye mifereji kama nguzo za Roma, ambako wasanifu wa Kiingereza walikwenda kuchora magofu. Kizuri mno! Akapima sehemu ya kukalia. Nyembamba. Viti vya mikono vilichongwa vipana kuliko viti vya kawaida. Hiki kiliongezwa mikono juzijuzi, ili kiuzwe ghali. Akapapasa chini ya mkono mmoja, akakuta kibonyeo cha dole gumba. Lionel alimaliza kila kazi yake hivyo.

Moyo ulimuuma. Akiandika ukweli, nani atampa Lionel kazi tena? Akazima simu, maana asingeweza kudanganya huku akisikia sauti ya Lionel. Akaandika, "Kiti cha mikono, chote cha asili," akatia sahihi.

Kumbe Lionel alishasikia kiti kimepelekwa kwa mpenzi wake. Akapiga simu mara sita, haipatikani. Akaenda mwenyewe kwa mkuu wa mnada, akakiri kwamba mikono aliiongeza yeye. Philippa akafukuzwa siku hiyohiyo.

Walikutana kwenye ngazi za nje, Philippa na boksi lake la vitu, Lionel na pete mfukoni.

"Nilikiri ili usidanganye kwa ajili yangu, mpenzi."

"Nilikuwa nimeshadanganya."

"Si ungeniuliza kwanza, Philippa?"

"Na wewe si ungeningoja?"

Lionel akatoa pete. "Bado nataka kukuoa."

"Nani ataniamini tena nikisema kitu ni cha kweli? Wewe je, nikisema nakupenda?"

"Nitakuamini!"

"Mimi mwenyewe sijiamini tena, Lionel."

Akavua futi shingoni, akamvisha Lionel, akashuka ngazi kuelekea kituo cha treni.