Maji Ndani ya Sindano

"Mke wangu, mguu unawaka moto! Dawa haifanyi kazi!"

"Nimekuchoma sasa hivi, mume wangu. Hayo maumivu yako kichwani tu."

Mke alikuwa nesi. Mume, fundi umeme, alianguka kutoka kwenye nguzo akavunjika paja, akaruhusiwa kuuguzwa nyumbani. Ndugu walimsifu mke, wakanong'ona juu ya mume: huyu kachanganyikiwa. Mwishowe hata yeye akaanza kuiogopa akili yake.

Asubuhi moja alijikongoja kwa magongo kwenda chooni. Mlango wa chumba walichokuwa wamemwandalia mtoto wao, yule aliyezaliwa amekufa, ulikuwa wazi. Mkewe alikaa sakafuni, mpira umembana mkono, sindano imezama mshipani. Alikuwa anatabasamu.

"Hiyo si dawa yangu?"

"Shh! Utamwamsha mtoto."

Mume akaegemea mlango. "Mimi ulikuwa unanichoma nini?"

"Maji. Maji safi ya hospitali! Mimi nikudhuru wewe?"

"Umeniacha nilie usiku na mchana, ukaniita mwendawazimu!"

"Nikijichoma namsikia akicheka. Nisipojichoma, nyumba kimya. Wewe baada ya msiba ulikimbilia kazini. Mimi ningekimbilia wapi?"

Mume akatoa simu, akamtumia dada yake ujumbe: *Dada, njoo na gari haraka. Mgonjwa si mimi, ni wifi yako.*

Mke akainuka, akausoma juu ya bega la mumewe.

"Futa! Nitafungwa!"

Akavuta gongo. Mume akaanguka chini, akapiga yowe. Alipofumbua macho, mkewe amepiga magoti kando yake, bomba la sindano limejaa mpaka juu.

"Hii ni ya kweli, mpenzi. Nusu yako, nusu yangu. Tulale wote watatu."

Mume akamdaka kifundo cha mkono.

"Watatu na nani, mke wangu?"

"Na mwanetu."

"Mwanetu tulimzika. Wewe ndiye uliyemfunika uso. Mimi nilishindwa."

Mkono ukalegea, sindano ikadondoka. Mke akaangua kilio ambacho hakukitoa hata siku ya mazishi. Wifi yake aliwakuta hapohapo sakafuni, wameshikana.

Mke alilazwa wodi ya wagonjwa wa akili. Kazi yake ya unesi ilikwisha. Mume alipopata nafuu, alikwenda kumwona. Wakakaa kwenye benchi.

"Umenisamehe?" mke akauliza.

"Bado."

"Hunipendi tena?"

"Nakupenda. Hilo ndilo linalonitesa. Ningekuwa sikupendi, ningeshapata usingizi."

Mke akainamisha kichwa. Mume akachukua magongo yake, akaondoka bila kusema atarudi lini.