Anayetazama Saa Tisa

Asubuhi ile jengo la maduka ya simu lilifurika mpaka kwenye ngazi. Brauza moja ilikuwa imejisasisha yenyewe mwishoni mwa wiki, ikahamisha vitufe vyote, na nusu ya mji ikaja kuwafokea mafundi kana kwamba wao ndio waliovihamisha.

"Mimi nataka ile ya zamani," alisema mwanamke mmoja aliyevaa koti jeupe la duka la dawa, hereni ndogo za kijani zikimchezea shingoni. Aliitua simu juu ya meza. "Hii mpya sijaandika hata herufi moja, tayari inanipa habari za watu. Natafuta dozi ya mtoto, naambiwa fulani kaachika!"

"Dada, ile ya zamani ina matundu. Wezi wanapita."

"Wapite. Kwangu wataiba nini?"

"Mbona mimi naona vya kuiba vipo?"

Aliyejibu hivyo ni fundi ambaye jengo zima lilimwita Kibano, maana kibano chake hakikumtoka mkononi hata wakati wa kula. Shati lake la bluu lilipigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ikawa kama wembe. Mama Kava, jirani yake aliyeuza kava za simu na kugawa habari za watu bure, alicheka mpaka akashika kiuno.

"Kibano! Leo umeamka na mdomo!"

"Si mdomo, ni ushauri wa kitaalamu." Akaigeuza simu. "Hii nayo imebeba picha elfu tisa, inahema. Nunua mpya. Kamera za siku hizi zinaona mpaka wasiwasi wa mtu."

"Fundi, simu ni ya kupigia. Kamera ni maringo."

"Basi nipe namba nikupigie, tuone kama inajua kazi yake."

Yule dada alicheka kabla hajajizuia. Kicheko kile alikuwa hajakisikia kwa miaka miwili. Kilimtisha kidogo, kama mtu aliyesikia mlango ukifunguliwa ndani ya nyumba anayoishi peke yake. Namba akaitoa.

Zikaanza simu.

"Umekula, daktari?"

"Mimi si daktari, nauza dawa."

"Basi niuzie."

"Unaumwa nini?"

"Tangu saa nne sijaisikia sauti yako."

"Hiyo haina dawa, baba. Kunywa maji ulale."

Yule dada alimwambia kwamba ni mjane. Kibano hakuchokonoa, akampenda hivyo hivyo. Kitu kimoja tu dada hakukisema, kwa kuwa angekisemaje bila kuonekana amerukwa na akili?

Akaunti yake ya filamu ilikuwa na profaili mbili: yake, na ya marehemu mumewe, yenye picha ya jogoo mwekundu. Marehemu alikuwa hakosi tamthilia moja ndefu ya wapelelezi, na kifo kilimkuta kwenye sehemu ya ishirini na tatu. Karibu miaka miwili, ule mstari mwekundu wa "endelea kutazama" uliganda palepale. Mjane hakuthubutu kuufuta.

Kisha siku moja, miezi miwili iliyopita, mstari ukasogea.

Sehemu ya ishirini na nne. Ishirini na tano. Kila siku ya kazi, saa tisa alasiri, wakati yeye yuko kaunta anahesabu vidonge na nyumbani mlango umefungwa kwa kufuli. Mara ya kwanza mwili ulimsisimka mpaka akamwaga vidonge vya mgonjwa. Akili ilimwambia kuna mtu ameiba paswedi. Moyo ulikataa kusikia. Ikawa ikifika saa tisa na nusu anajificha nyuma ya rafu, anafungua simu, anamwona jogoo amepanda sehemu nyingine, na anasema polepole, "Umefika, mume wangu." Usiku analala vizuri.

Jumapili moja Kibano alikuja kwake na matunda, amevaa fulana mpya yenye kola. Wakati mwenyeji yuko jikoni, yeye akaichukua ile simu inayohema kuisafisha, ndiyo mapenzi ya mafundi hayo. Mwenyeji alirudi na glasi mbili za sharubati.

"Mpenzi, nimekuokoa," Kibano alisema kwa majivuno. "Kulikuwa na mdukuzi kwenye akaunti yako ya filamu. Nimeondoa vifaa vyote, nimebadilisha paswedi. Kesho akijaribu, mlango umefungwa."

Glasi moja ilianguka.

"Umefanya nini?"

"Nimemtoa mwizi…"

"Umemfukuza!" Sauti yake ilipasuka. "Nani alikutuma? Umemfukuza, na ilikuwa imebaki sehemu moja tu!"

"Nimemfukuza nani?"

Aliinama kuokota vipande vya glasi. Machozi yakamtangulia.

"Toka, Kibano. Tafadhali."

Kibano alitoka akiwa na jibu lake mwenyewe moyoni: kuna mwanamume mwingine. Aliyepewa paswedi, na ambaye orodha ya vifaa ilionyesha anaingia kila saa tisa.

Siku tisa hakuna aliyepiga. Mama Kava alitangaza kwamba Kibano amekonda mpaka mkanda umeongezwa tundu. Mjane naye kila saa tisa na nusu aliingia nyuma ya rafu, akamkuta jogoo amekaa palepale, sehemu ya sitini na tatu kati ya sitini na nne. Alihisi amefiwa mara ya pili, na safari hii hakuna aliyekuja kumpa pole.

Siku ya kumi Kibano alikuwa akifuta picha za kazi kwenye simu yake. Fundi makini hagusi simu ya mtu kabla hajapiga picha kila ukurasa kama alivyoukuta, na hata nyumbani kwa mpenzi wake alifanya hivyo kwa mazoea. Akaikuta picha ya ile profaili. Safari hii aliisoma kama fundi, si kama mwenye wivu. Historia: tamthilia moja tu, iliyosimama mwezi aliofiwa, ikaendelea miezi miwili iliyopita. Kifaa: simu ya miaka minane, ya aina ambayo vipuri vyake vimekwisha madukani. Maandishi ya tafsiri chini ya picha: makubwa kuliko yote.

Alimpigia mjane palepale.

"Usikate. Swali moja tu. Marehemu alikuwa na macho mabovu?"

"Nani alikwambia yule jogoo ni marehemu?"

"Hukuniambia, ndiyo maana nimekuwa mjinga siku tisa. Nisamehe. Alikuwa haoni vizuri?"

"Aliona kama tai."

"Basi ni nani kwenu anayesoma maandishi makubwa kama ya bango?"

Alisikia kopo la vidonge likitua juu ya kaunta.

"Mama mkwe," alisema.

Walikwenda pamoja. Bibi yule aliwakaribisha kwenye sebule yenye vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, simu yake kuukuu imeegemezwa kwenye kopo la sukari, kioo chake cheusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nilijua umenitoa," bibi alianza hata kabla hawajakaa vizuri. "Nikasema ni haki yake. Kapata mtu, anafagia nyumba."

"Mama! Mbona hukuniambia?"

"Ningesemaje? Mtu mzima namaliza bando kwa wapelelezi! Mwenyewe ndiye aliyenifungulia humu kabla hajafa, mimi nikaogopa kugusa. Siku nilipothubutu, nikakuta kaishia njiani. Nikaanzia hapo. Wala sielewi nani kamuua nani. Nilitaka tu kukiona kile alichokuwa anangoja kukiona."

"Mimi nilidhani ni yeye," mkwewe alinong'ona.

Bibi hakucheka. "Hata mimi, mwanangu. Nikitazama namsikia anapumua. Kwenye kiti kile."

Wote waligeuka. Kibano, aliyekuwa amekikalia, alisimama wima kama amechomwa.

"Kaa, baba," bibi alisema. "Kiti ni cha kukalia. Wewe ndiye uliyenitoa?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Nirudishe basi."

Kibano akaingiza paswedi mpya. Wakaitazama sehemu ya sitini na nne, vichwa vitatu juu ya kioo kidogo. Muuaji akatokea kuwa mpishi.

"Angekasirika huyo!" bibi alisema, akicheka na kujifuta macho. "Angeapa ni dereva."

Mkwewe alilia bila kujificha. Katikati ya kulia aliutafuta mkono wa Kibano, akaushika mbele ya mama mkwe, asiuachie.

Majina yakapita. Kisha kiduara kikaanza kuhesabu, na tamthilia nyingine ikajifungua yenyewe: mwanamke amesimama kwenye stesheni na sanduku.

"Hii hakuichagua yeye," bibi alisema.

"Hapana, mama."

Kibano alinyoosha kidole kuizima. Bibi alikizuia, akavaa miwani vizuri, akasogea kuwapa wawili wale nafasi.

"Iache. Tumwone na huyu anakwenda wapi."