Mlango Ninao, Nyumba Sina

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, muuza omena, dagaa wa ziwani, katika soko la Migori. Wanaonijua watawaambia kwamba sipunjiki. Omena napima kwa gorogoro, kopo letu la sokoni, nikipakia, na nikifika napima tena. Lakini wasomaji wenzangu... kuna hesabu moja iliyonipita, na ndiyo iliyonimaliza!

Mwanzoni mwa miaka hii ya tisini, vita vya kikabila vilipozuka Bonde la Ufa, watu walimiminika mjini kwetu. Walikuwa Wakenya, wengi wao Wajaluo kama mimi, lakini jina la wakimbizi liliwaganda. Walilala uwanja wa kanisa, chini ya maturubai. Wenye nyumba wakapandisha kodi. Sisi wa sokoni tukanung'unika kwamba watatumalizia unga, na mimi nilinung'unika kuliko wote.

Kisha akaja Owuor, blanketi la kijivu la msaada mabegani, akataka nimwongezee omena kidogo.

"Nyongeza ni ya wateja," nikamwambia. "Wewe ni mgeni."

"Basi nitakuja kila siku, nikuwe mteja."

Akaja kweli! Aliniambia mke wake na mtoto walikufa njiani wakikimbia. Nani angemhoji mtu mwenye msiba kama huo? Nililia naye. Haikuchukua muda akahamia kwangu, chumba cha kupanga chenye mlango wa bati unaofungwa kwa waya.

Baadaye kanisa lilinunua shamba pembeni mwa mji, likawagawia wale wasio na pa kurudi. Owuor akapata kiwanja. Jamani, furaha niliyokuwa nayo! Kwetu mwanamke asiye na boma hana hata pa kuzikwa. Mabati nilinunua mimi. Misumari, mimi. Na mlango... huo nilimsumbulia fundi siku kadhaa za soko. Nilitaka mbao za mvule na bawaba nne badala ya tatu.

"Mama," fundi akaniuliza, "unafunga nyumba ama benki?"

"Nafunga ndoa," nikamjibu.

Wakati huo Owuor akaanza kunihurumia. Eti safari za Homa Bay kuchukua omena zinanichosha, yeye atakuwa akienda. Kila aliporudi, gunia lilipungua gorogoro moja. Imemwagika, alisema. Safari iliyofuata, imemwagika. Na iliyofuata tena!

Boke, jirani yangu sokoni, Mkuria mwenye ulimi wa wembe, akacheka. "Hiyo omena yako inamwagikia kwa sufuria ya nani?"

Siku hiyo wivu uliniingia hadi kwenye mifupa. Nilinusa mashati. Nilipekua mifuko. Niliwachunguza wanawake wote wa kule viwanjani, hata vikongwe! Sikuona kitu. Nilikuwa natafuta hawara... na hapo ndipo nilipokosea.

Nyumba ikaisha. Wazee wa wakimbizi walishikilia jambo moja: kiwanja cha msaada hakiwi dala, boma la Mjaluo, mpaka kifunguliwe kwa mila. Mwanamume aingie na moto, shoka na jogoo, pamoja na mke wa kwanza, walale humo usiku huo. Kama wa kwanza amekufa, anaingia anayefuata. Bila hivyo utabaki mkimbizi tu, hata uezeke kwa dhahabu.

Aliyefuata si nilikuwa mimi? Owuor akanituma jogoo. Nilizunguka soko mara mbili, nikachagua mwekundu mwenye sauti, nikambana muuzaji mpaka akanipa kwa bei ya tetea. Nikajinunulia na leso mpya.

Siku ilipofika, Owuor akaniambia nikauze kwanza, jamaa zake wanakuja kutayarisha. Akaondoka na jogoo.

Boke akanitazama. "Mwenye kufungua boma ndiye huyu anauza omena?"

Niliacha omena wazi... mimi! Nikakimbia.

Niliwakuta wakiingia. Owuor mbele na moto. Kijana mdogo na shoka, uso ule ule wa Owuor. Na nyuma yao mwanamke mwembamba, amemkumbatia jogoo wangu.

Mke hakuwa amekufa! Owuor alinivuta kando akakiri, macho chini. Walipotezana njiani, na alikuwa amempata zamani, Rangwe, kwa dada yake, karibu na Homa Bay. Huko ndiko omena yangu ilikomwagikia!

"Atieno, na wewe ni mke," akasema. "Utajengewa upande ule."

"Kwa mabati ya nani?"

Akainama kuupuliza moto wake.

Yule mwanamke, Min Odongo, yaani mama wa yule kijana, akanisogelea. Alikuwa ameambiwa mimi ni mfadhili wa kanisa. "Wewe ndiye ulitujengea? Ero kamano, nyamera. Asante sana, dada yangu."

Na alimaanisha! Angenitukana ningejua la kufanya.

Nikachukua nyundo ya fundi, nikang'oa mlango wangu. Bawaba zote nne. Owuor alipiga kelele, watu wakajaa. Min Odongo alisimama tu na jogoo, akinitazama, akielewa polepole. Kisha akatoa blanketi la kijivu furushini, akalitundika pale penye uwazi.

"Beba, nyamera," akasema. "Tangu tufukuzwe nimelala bila mlango wangu. Nimezoea."

Nikaupitisha kichwani katikati ya soko.

"Mama, nyumba iko wapi?" wachuuzi wakaniuliza.

"Inakuja nyuma!" nikajibu, machozi yakinitiririka chini ya mbao.

Mlango ungali chumbani kwangu, umeegemea ukuta. Ni mpana mno, hauingii popote. Alfajiri nikisikia jogoo akiwika upande ule wa mji, moyo unaniambia ni wangu. Owuor simtaki. Wivu nilionao ni wa kumwonea yule mwanamke aliyelala nyuma ya blanketi... akiwa kwake.

Dada zangu, nawasihi! Mtu aliyekimbia vita mpendeni, mpikieni. Lakini kabla hujanunua bati la kwanza, watafute waliokimbia naye, uwaulize nani alizikwa, na wapi. Mimi omena nilipima mara mbili. Kaburi la mke wake sikuliulizia hata mara moja.