Kalamu Apewe Mzee Reubeni Kwanza

Angetile alikuwa akianika usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, kwenye chanja, ufukweni karibu na Itungi. Akamwona mumewe Reubeni anakuja na chupa ya soda, uso umejaa tabasamu. Angetile akajua hapo pana jambo.

Tangu Reubeni amalize kisomo cha watu wazima kanisani, mkewe hakuwa na raha. Miaka yote mzee alitia dole gumba. Sasa aliandika jina lake popote: mlangoni, kwenye kasia, hata kwenye ndoo ya usipa.

"Leo nimeandika mbele za watu," alisema. "Yule Godlove wa kampuni ya hoteli alituita kikao. Akasema, 'Kalamu apewe Mzee Reubeni kwanza, ana mwandiko mzuri.' Nikaandika. Wenzangu thelathini wakafuata."

"Karatasi ya nini?"

"Ya mahudhurio."

"Juu paliandikwaje?"

Reubeni akanywa soda kidogo. "Juu palikuwa peupe."

"Peupe! Jamani, Baba Lusungu! Umefundishwa kusoma ili usisome?"

Angetile alichoka. Hoteli ilitaka ufukwe huu huu. Ukienda, wanawake hawana tena pa kuanika usipa, na usipa ndio uliomsomesha mtoto wao Lusungu. Akamkokota mumewe mpaka kwa Naomi, msaidizi wa kisheria wa kata. Walimkuta anamenya ndizi.

"Mugonile, wazazi wangu. Karibuni."

Angetile alieleza yote bila kupumua. Naomi akamgeukia Reubeni.

"Baba, kambale unamwekea nini kwenye ndoana?"

"Nyungunyungu."

"Mbona usimwekee maua?"

"Maua ayafanyie nini? Kila samaki na anachokipenda."

"Basi Godlove naye anajua hivyo. Wenzako aliwawekea soda. Wewe alikuwekea sifa."

Reubeni akatazama chini. Soda ilimshinda kumaliza.

"Soda si kosa," Naomi aliendelea. "Hatari ni kusaini mahali patupu. Kesho mtu anaweza kuandika pale juu kwamba mmekubali kutoa ufukwe."

"Kwa hiyo tumekwisha?" Angetile aliuliza.

"Bado, mama. Ardhi ya kijiji haitolewi mpaka mkutano mkuu wa kijiji ukubali. Mwandikieni mtendaji wa kijiji barua leo. Semeni mlisaini mahudhurio tu. Wote waliosaini waweke majina yao. Nakala igongwe muhuri, mbaki nayo. Tena ombeni mkutano mkuu, na kila karatasi isomwe kwa sauti kabla mtu hajashika kalamu."

"Ndaga, mwanangu," Reubeni alishukuru. Kisha akauliza, "Barua hiyo, nianze mimi kusaini?"

Angetile alitamani kumpiga na ganda la ndizi.

Walizunguka nyumba kwa nyumba juani, mpaka majina yote yakapatikana. Mtendaji alipokea barua, akagonga muhuri, akaitisha mkutano.

Siku ya mkutano soda zililetwa tena. Karatasi ikaja tena, juu peupe vilevile.

"Kalamu apewe Mzee Reubeni kwanza!" Godlove alisema.

Reubeni alikuwa ameshanyoosha mkono. Mungu wangu, mwanamume huyu, Angetile aliwaza. Mzee akainama, akaandika. Akaandika muda mrefu, na jina lake si refu kiasi hicho. Halafu akainua karatasi, akasoma kwa sauti, neno moja moja:

"Mahudhurio. Tu. Ufukwe. Hatujautoa."

Watu wakapiga vigelegele. Mtendaji alipouliza nani anakubali kutoa ufukwe, hakuna aliyenyoosha mkono. Muhtasari ukaandikwa hivyo, ukasomwa, ndipo wakasaini.

Asubuhi iliyofuata Angetile alikuwa ufukweni na usipa wake. Reubeni akaja, akaichungulia ndoo. Jina lake lilikuwa limefutika kwa kusuguliwa.

Angetile akaguna. Akaokota kipande cha mkaa, akampa.

"Haya, andika," alisema. "Ila andika dogo."