Programu Iliyomkaribisha Mgeni

Giza lilikuwa linaingia, nguo bado ziko kambani. Siku nzima nilikuwa nimefua mashuka ya hospitali, mgongo unauma kama si wangu, na kazi ya darasani ilikuwa inaningoja. Najifunza kompyuta ukubwani, nami nipate kazi ya kukaa.

Programu yenyewe ilikuwa ya wanaoanza. Inauliza, "Nani anabisha hodi?" Inasubiri uandike jina kwa kibodi, kisha inaonyesha, "Karibu ndani," pamoja na jina hilo. Mwalimu alitutania, "Programu haina macho. Yeyote atakayebonyeza, inamkaribisha." Tulicheka.

Niliiacha ikisubiri, nikatoka uani kuanua nguo.

Tk. Tk... tk.

"Kidosho! Hebu acha hiyo kibodi!" nilimfokea binti yangu.

"Mama, mimi niko hapa."

Alikuwa nyuma yangu, ameshika kapu la vibanio. Nyumba nzima ni sisi wawili tu.

Niliingia. Chumba kilinuka udongo mbichi. Kwenye skrini palikuwa na maandishi:

Nani anabisha hodi?
mimi
Karibu ndani, mimi.

Nilimpigia simu shemeji yangu, fundi wa kompyuta.

"Shem, kibodi kuukuu hiyo, imeingia vumbi," alisema. "Chomoa waya ukalale. Umechoka wewe."

Nilichomoa. Nilitaka sana kumwamini. Nilikuwa hoi, hata kuogopa naona kazi. Nikamlaza Kidosho, nikaenda jikoni kunywa maji.

"Mama," aliita kutoka chumbani, sauti ya usingizi. "Sogea basi... unanibana."

Bilauri ilinidondoka.

Nilimnyakua mtoto kitandani. Upande wake wa pili, godoro lilikuwa limebonyea, na shuka ni la baridi. Nikiwa nimempakata, nilichomeka kibodi, nikafuta swali la zamani, nikaandika jipya: "Utaondoka lini?" Nikaiendesha programu. Kisha nikachomoa waya wa kibodi tena, nikaushika mkononi.

Herufi zilikuja moja moja. Polepole.

n a o n d o k a n a y e

Zikasimama.

u k i s i n z i a

Kumekucha, jua limezama tena, na bado nimemshika mwanangu. Shemeji alikuja, akaitazama kompyuta, akarudia habari za vumbi, akaondoka. Kahawa imeacha kunisaidia. Nauma midomo, najimwagia maji, nasimama na kukaa. Naogopa jamani, lakini usingizi hauna huruma.

Nimemwomba Kidosho aniimbie. Ameketi mapajani mwangu, anaimba wimbo wake wa shule, ule mrefu usioisha. Nikiusikia najua tupo sote. Ubeti wa kwanza... wa pili...

Nimeshtuka. Sijui nimefumba macho kwa muda gani.

Wimbo unaendelea.

Mapajani mwangu hamna mtu.