Upele Nyumbani kwa Dobi

Mashuka yaliyopita mikononi mwa Mama Pe yalirudi kwa wenyewe meupe pe. Ndiyo maana wateja walimpa jina hilo. Alifulia uani kwenye mabeseni matatu. Jioni alipiga pasi sebuleni, huku mume wake, fundi viatu, akimtania.

"Nikisinzia hapa, utanipiga pasi na mimi."

"Ukiwa na mikunjo, kwa nini nisikupige?"

Basi binti yao alipoanza kujikuna, Mama Pe hakuamini macho yake. Vipele vidogo vilitokea katikati ya vidole, vikaenda kwenye vifundo vya mikono, kisha kiunoni. Usiku ndipo vilipomwasha zaidi.

"Ni joto tu," alisema Mama Pe. Wiki ya pili hakusema tena ni joto. Aliona aibu. Dobi ana upele nyumbani! Nani angempa tena shuka lake? Wateja walipokuja, alimvalisha mtoto nguo ya mikono mirefu, akanyamaza.

Akafanya alichokijua. Doa likigoma, dobi huongeza dawa. Alitia dawa ya madoa kwenye maji ya kuoga, akamsugua mtoto kwa brashi ya kola.

"Mama, inachoma!"

"Vumilia mwanangu, inatoka."

Wapi! Ngozi ilichubuka, na vidole vikaanza kutoa majimaji. Mama Pe alimfunga kitambaa, moyo ukimuuma.

Jumamosi jirani yao, muuguzi wa zahanati, alikuja kuchukua sare zake. Mtoto alimpa kwa mikono miwili. Muuguzi aliziweka sare kando, akaishika ile mikono, akafungua kitambaa.

"Mama Pe, huyu amepatwa na nini?"

"Ameungua kidogo."

"Jirani, vidole kama hivi naviona kila siku zahanati. Huu ni upele."

Mama Pe alikaa kwenye kigoda, machozi yakimlengalenga. "Dada, usiseme kwa sauti. Mimi nafua kutwa. Uchafu umeingilia wapi?"

"Nani kasema ni uchafu? Ni kijidudu kidogo mno, hukioni kwa macho. Kinachimba ndani ya ngozi na kutaga mayai. Kinatoka kwa mtu kwenda kwa mtu, ngozi ikigusana na ngozi kwa muda. Mkilala kitanda kimoja, mkishikana mikono, hata mkitumia taulo moja. Hakiulizi nani kaoga."

"Na dawa ya madoa?"

"Hiyo ni ya shuka. Ngozi inaiunguza tu, halafu kwenye vidonda vinaingia vijidudu vingine. Usirudie tena. Twende zahanati sasa hivi, mtoto apimwe. Na nyote mtapakwa dawa."

Fundi viatu aliinua kichwa. "Mimi siwashwi. Nitapakwaje dawa kama ukuta?"

"Shemeji, mtu anaweza kuwa nao mwezi mzima bila kuwashwa. Tukimtibu mtoto peke yake, wewe utamrudishia. Nyumba nzima, siku moja." Kisha akamgeukia Mama Pe. "Kuna mwingine aliyelala hapa karibuni?"

Mama Pe aliinama. Mwezi uliopita mdogo wake alilala kwao siku tatu, kitanda kimoja na binti, pamoja na kichanga chake.

"Hakuna," alisema.

Zahanati waliwapa dawa ya vidonda na dawa ya upele. Jioni walijipaka ile ya upele kuanzia shingoni mpaka nyayoni, hata chini ya kucha. Walioga asubuhi, kama walivyoelekezwa. Mashuka, taulo na nguo zote zilifuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Mto wa mtoto, usiofulika, ulifungwa ndani ya mfuko kwa wiki nzima.

Mama Pe alikuwa akianika shuka la mwisho binti alipomuuliza, "Mama, na mtoto wa mama mdogo, naye atapakwa?"

Shuka lilimponyoka mikononi. Kichanga kile hakiwezi hata kujikuna. Aliingia ndani, akapiga simu.

"Mdogo wangu, nina neno. Hapa kwangu kuna upele. Ulipolala hapa, huenda mliupata. Nisamehe, niliona aibu kusema."

 Mdogo wake aliangua kilio.

"Dada, mtoto halali wiki ya pili hii! Hata mimi najikuna. Nilidhani sisi ndio tuliokuletea. Nikaogopa kukuambia."

"Nenda zahanati leo. Wewe, mtoto na baba yake. Dawa ya kichanga, wao zahanati ndio wakupangie, usikisie."

Baada ya wiki moja nyumba zote mbili zilijipaka mara ya pili. Muwasho haukuisha siku hiyo hiyo. Uliendelea kidogo, kama muuguzi alivyowaonya, kisha ukaisha. Vidole vya binti vikapona.

Siku moja mteja alileta mfuko wa nguo. Aliuweka chini haraka, akaficha mikono ndani ya kanga. Mama Pe alimwona. Aliangalia wateja wengine waliokuwa pale, akavuta pumzi.

"Shoga, kaa," alisema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Mwezi uliopita sisi hapa tulikuwa na upele. Nyumba nzima. Lete hiyo mikono niione."

Mteja aliitoa mikono yake polepole.