Upana wa Vidole Vitatu

Siku waliyokutana, mtaa wa maduka ulikuwa umefurika watu hata pa kutia mguu hapakuwa. Vipaza sauti vilishindana, mikokoteni ikidai njia, na katikati ya vurumai hiyo msichana mmoja aliyevaa gauni la manjano alikuwa ameinamia simu iliyofunguliwa matumbo. Alikuwa fundi simu. Kibanda chake kilikuwa na upana wa mlango, na meza yake ilikuwa ubao uliolazwa juu ya makreti mawili, ukiyumba kila mtu alipopita.

Akaja kijana mrefu, suruali imechakaa magotini, penseli nyuma ya sikio, nywele zimejaa vumbi la mbao kama mtu aliyelala ndani ya gunia la unga.

"Imekata sauti, dada," akasema, akimkabidhi simu kwa mikono miwili.

Fundi simu akaifungua, akapuliza. Vumbi likamrukia usoni, akapiga chafya mara tatu.

"Kaka, simu hii unaichaji au unailisha mbao?"

"Mimi seremala, dada. Kila kitu changu kinakula mbao. Hata chai yangu."

"Basi chai yako usinikaribishe."

"Bado sijakukaribisha. Ila ningekukaribisha, ungekuja?"

Simu ikapona siku ileile. Ajabu ni kwamba iliugua tena Jumatano, ikaugua Ijumaa, na Jumamosi seremala alipoileta kwa mara ya nne, fundi simu akamrudishia bila kuifungua.

"Hii simu haina ubovu."

"Najua. Mwenye ubovu ni mimi."

Mambo yakaanzia hapo. Msichana alimwita kijana Randa, kama kile kifaa cha kulainishia mbao, kwa kuwa hakuna jambo la kukwaruza ambalo kijana yule hakutaka kulilainisha. Yeye naye akaitwa Bisibisi, maana hakuweza kuona kitu kimetulia asikichokonoe. Kabla mwaka haujaisha, mchungaji akawafungisha ndoa, Bisibisi akiwa ndani ya gauni jeupe na Randa ndani ya suti ya kuazima iliyomkaba mabegani.

Miaka minane ikapita. Bisibisi hakuwa mtu wa kukaa akatulia tangu kuzaliwa kwake, lakini mwezi ule alipita kiasi. Aliosha vyombo visafi. Aliinuka mezani chakula kikiwa kinywani akaenda kunyoosha pazia lililonyooka. Walikuwa wameomba kuasili mtoto, na afisa wa ustawi wa jamii alikuwa aje kuikagua nyumba yao.

Kulikuwa na sababu ya mahangaiko hayo. Miaka sita nyuma alibeba mimba, ikafika mwezi wa saba, ikaharibika, na daktari akamwambia hapatakuwa na nyingine. Randa alikuwa amekwisha kuchonga kitanda cha mtoto. Bisibisi aliporudi kutoka hospitali alikuta chumba kidogo kitupu, sakafu imefagiwa. Hakuuliza, na Randa hakusema. Mwezi uliofuata mumewe akamletea kibandani meza mpya, imara, isiyoyumba hata ukiisukuma kwa kiuno. Kwenye ubao wake wa ukingoni kulikuwa na safu ya matundu yaliyozibwa kwa vizibo vya mbao. Vizibo viwili vilikuwa vimedidimia kidogo, na ndimo Bisibisi alimokuwa akiweka skrubu ndogondogo zisipotee.

Wazo la kuasili liliwajia katika sala. Kila siku saa kumi na moja alfajiri walipiga magoti kando ya kitanda chao, mkono kwa mkono. Alfajiri moja Randa alisema, "Na yule mtoto wetu, Bwana, popote alipo, mlinde." Wote wawili wakafumbua macho wakatazamana. Tangu hapo hawakurudi nyuma. Walipimwa afya, wakachukuliwa alama za vidole, wakaandika kila mmoja maisha yake kwa mkono wake, na majirani watatu wakawatolea ushahidi. Sasa ilibaki nyumba yenyewe.

"Randa, amepiga! Anakuja Ijumaa!" Bisibisi alipiga kelele kwenye simu, mteja akimshangaa.

"Tulia, mpenzi. Ijumaa haijafika."

"Chumba cha mtoto hakina kitu! Seremala mzima, chumba kina ndoo na ufagio!"

Upande wa pili msumeno ukasimama. Kisha Randa akasema, "Niachie mimi."

Alhamisi jioni Bisibisi alifungua mlango wa chumba kidogo akakuta kitanda cha mtoto, cha mbao nyekundu, kimepigwa vanishi kikang'aa. Akaketi sakafuni akalia kwa furaha. Randa alisimama mlangoni akikuna shingo, na Bisibisi hakulitilia maanani hilo.

Afisa alikuwa mama wa makamo, viatu vya chini, kitambaa cha shingoni cha bluu, faili kwapani. Alikagua bomba, akakagua madirisha, akauliza dawa zinawekwa wapi. Alipofika kwenye kitanda alipitisha vidole vitatu katikati ya fito.

"Vidole vitatu," akasema. "Vizuri. Nafasi ikizidi hapo, kichwa cha mtoto kinapenya na kukwama. Mmekitengeneza wenyewe?"

"Mume wangu amekitengeneza!" Bisibisi akajibu, kifua mbele.

Randa akatazama viatu vyake.

Jumatatu Bisibisi aliwahi kurudi nyumbani, akakuta mkokoteni mlangoni. Juu yake kilikuwa kitanda, kimefungwa kamba, na Randa akikaza fundo.

"Kinakwenda wapi?"

"Bisibisi, ngoja nikueleze..."

"Nimeuliza kinakwenda wapi!"

"Ni cha mteja. Anakisubiri leo. Nilitaka tu afisa asikute chumba kitupu."

Bisibisi alikamata ukingo wa mkokoteni. "Umeniwekea kitanda cha watu nikilie? Nikamdanganya afisa kwa kinywa changu?"

"Nilikosea."

"Hukukosea! Wewe humtaki huyu mtoto. Cha kwanza ulimpelekea mteja hata kabla sijatoka hospitali, na cha pili umekiazima. Kila nyumba mtaa huu ina kitanda cha mkono wako isipokuwa yangu!"

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka sita kile kitanda cha kwanza kutajwa. Randa aliachia kamba ikaanguka. Bisibisi alitia nguo mbili kwenye mkoba akaenda kwa dada yake.

Dada alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alizoea kuhoji.

"Alikwambia alikiuza?"

"Kilienda wapi basi? Kiliota miguu?"

"Nimekuuliza kama alikwambia."

"Dada, uko upande wa nani?"

"Niko upande wa chakula, kinapoa. Kaa chini. Umezunguka chumba hiki mpaka mimi ndiye ninayeona kizunguzungu."

Saa kumi na moja alfajiri, simu ya Bisibisi ikaita. Ilikuwa ya Randa. Aliiangalia mpaka ikakatika, akapiga magoti peke yake. Siku ya pili ikaita saa ileile. Ya tatu, Alhamisi, akapokea.

Upande wa pili Randa hakusalimia. Alikuwa anasali. "Mlinde Bisibisi wangu. Ulainishe moyo wake, nami unipe ujasiri. Na yule mtoto wetu, popote alipo, Bwana, asisikie baridi."

Bisibisi akakata simu. Akajifunika shuka usoni, machozi yakamtiririka mpaka masikioni. Alikuwa na hasira naye, na alimtamani, na hakujua lipi atangulize.

Saa tatu asubuhi afisa akapiga. "Ziara ya mwisho ni kesho kutwa, Jumamosi, saa nne. Nitataka niwakute wote wawili."

"Afisa, mimi..." Alikuwa amekusudia kumwambia afunge faili. "Sawa," akasema.

Alikwenda kibandani ili mikono ipate kazi. Kazi haikupatikana. Alifungua simu ya mteja, akaifunga. Akapanga bisibisi zake kwa urefu, akazipanga tena kwa rangi. Skrubu moja ikamponyoka ikaviringika ukingoni mwa meza, ikadumbukia kwenye kizibo kilichodidimia, na alipoifuata, vidole vyake vikalala juu ya ubao, kati ya kizibo kimoja na cha pili. Vidole vitatu. Vikaenea sawasawa.

Akabaki amevitazama. Akavisogeza kati ya cha pili na cha tatu. Vitatu. Cha tatu na cha nne, vitatu. Akaenda hivyo mpaka mwisho wa ubao, matundu kumi na mawili, na kila nafasi ilikuwa vidole vitatu.

Miaka sita alikuwa ameegemea pale. Alikula chakula pale, alicheka na wateja pale, siku nyingine alilaza kichwa pale akasinzia.

"Dada, simu yangu iko tayari?" mteja akauliza.

"Bado, kaka. Samahani. Njoo kesho. La, njoo Jumatatu!"

Akafunga kibanda, akavuka barabara mbio, kandambili moja ikamtoka, asigeuke kuichukua.

Karakana ya Randa ilinukia gundi na mbao mbichi. Randa alikuwa amekaa juu ya benchi, mikono mitupu, ndevu hazijanyolewa. Alipomwona mkewe na mguu mmoja peku alisimama akaangusha patasi.

"Ni meza," Bisibisi akasema, akihema. "Kile kitanda ni meza yangu."

Randa akaitikia kwa kichwa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa hupiti hata mbele ya mlango wa kile chumba. Nikasema nisikuchokonoe kidonda. Kukichoma moto nilishindwa. Kumpa mtu nilishindwa. Nikaona basi angalau kikubebee kazi yako." Akafuta uso kwa mkono wenye vumbi, akazidi kuuchafua. "Fito ziko kule juu ya dari. Sijazigusa."

"Na hiki kingine? Kwa nini usitengeneze, Randa? Mwezi mzima!"

"Nimejaribu. Vya watu natengeneza nikipiga mluzi. Nikishika mbao ya kwetu, mkono unakataa. Naogopa, Bisibisi. Naogopa nikimaliza tu, nitakuja kukifungua tena peke yangu, chumba kikiwa kitupu, wewe uko hospitali, umenyamaza."

Hakuwahi kumwambia maneno marefu namna ile. Bisibisi akakaa naye kwenye benchi, akaulaza uso begani kwake, juu ya vumbi, akapiga chafya.

"Na kuna jingine," Randa akasema. "Jumanne nilimpigia afisa. Nikamwambia kitanda hakikuwa chetu."

Bisibisi akaruka. "Umemwambia? Akasemaje?"

"Akasema asante, akakata."

"Ee Mungu wangu! Tumekwisha."

"Labda. Lakini siwezi kumlaza mtoto juu ya uongo, mpenzi."

Alitaka kumgombeza, akashindwa. Alijua sasa kwa nini aliolewa na mtu huyu, na alijua pia kwamba huenda ukweli huo ndio utakaowanyima mtoto. Akamshika mkono.

"Unataka turudi nyuma?" Randa akamuuliza. "Sema kweli. Nilikuoa mara moja bila kukuuliza vizuri, nilikuja na simu nzima nikasingizia ubovu. Leo nakuuliza vizuri. Utakuwa mama wa mtoto wangu, hata wakisema bado, hata wakisema tungoje?"

"Kwanza nitafutie kandambili yangu," akasema, akilia na kucheka. "Halafu tukabebe meza."

Jumamosi saa nne afisa alipobisha, nyumba haikuwa imepigwa deki. Sebule ilijaa maranda. Katika chumba kidogo, meza ilikuwa imelala kifudifudi, imefumuliwa, na Bisibisi, kilemba kimeteleza mpaka sikioni, alikuwa akitoa vizibo kimoja kimoja kwa bisibisi yake nene, huku Randa akisugua fito msasa. Walikuwa wamesahau saa.

"Karibu, afisa!" Bisibisi akaruka, akijipangusa. "Tusamehe, nyumba..."

Afisa aliinama, akaona vizibo tisa sakafuni na vitatu ambavyo bado havijatoka. Akatia vidole vitatu kati ya tundu na tundu.

"Mbao hii si mpya."

"Si mpya," Randa akasema. Akamtazama mkewe, naye Bisibisi akasimulia yote, tangu hospitali hadi kandambili. Mara mbili sauti ilikatika, na mara zote mbili Randa akaendelea kutoka alipoachia.

Afisa aliandika kwa muda mrefu. "Mlinidanganya," hatimaye akasema.

"Ndiyo," wakajibu pamoja.

"Na mkajishtaki wenyewe. Nitaandika vyote viwili." Akafunga faili. "Chumba cha mtoto: kitanda hakijakamilika. Nitaandika hivyo pia."

Akaondoka bila kusema heri wala shari.

Wiki tano wakangoja. Fundi simu asiye na meza alifanya kazi juu ya mapaja yake, skrubu zikimwanguka, akiruka kila simu ilipoita, na katika kibanda cha fundi, simu kumi huita kwa wakati mmoja. Kila alfajiri walipiga magoti kando ya kitanda kikubwa, mkono kwa mkono.

Asubuhi moja Randa alikuwa amemletea chai kibandani, yenye vumbi la mbao kama kawaida, simu ikaita.

"Habari za asubuhi," afisa akasema. "Nina swali moja la kumalizia faili. Kile kitanda, kimekamilika?"

Bisibisi akafungua kinywa, sauti ikagoma. Akampa Randa simu. Randa akaiweka sikioni, naye akakosa neno.

"Halo?" afisa akaita. "Mnanisikia? Nauliza kwa sababu mtoto wenu ana miezi minane, na ameshaanza kushika fito na kusimama."